Safari za Anga za Juu na Mlima Nyiragongo

Faida ya kuwapeleka binadamu anga za juu hujadiliwa mara nyingi kana kwamba jibu liko mwezini tu. Goma nayo ina jibu lake. Oktoba 1994, mji huo ulipokuwa umezungukwa na kambi za wakimbizi kutoka Rwanda, wanaanga sita wa Marekani walipita juu ya milima ya Virunga katika chombo Endeavour, wakaipiga picha kwa rada. Mawimbi ya rada hupenya mawingu na giza, na Virunga haikosi mawingu.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na setilaiti zisizo na mtu, kama vile Sentinel-1 iliyorushwa mwaka 2014. Hizo hurudi juu ya mahali pale pale mara kwa mara. Safari ile ya 1994 ilidumu siku 11 tu. Picha mbili zikilinganishwa, hata sentimita chache za ardhi iliyovimba hutambulikana. Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021 bila ya onyo la wazi, ni rada za setilaiti zilizosaidia kuonyesha magma ikipenya chini ya mji kuelekea Ziwa Kivu, na tarehe 27 mitaa 10 kati ya 18 ikaamriwa kuhamwa. Kwa hiyo wanaotetea safari za binadamu za kwenda Mirihi hawana budi kutafuta hoja nyingine, pengine ile kongwe ya udadisi.