LUGHA YA MANENO 32

Juzi baada ya sala ya alasiri tulikuwa barazani, Mji wa Kale, Mombasa, mpwa wangu anayesomea kompyuta akatujia na kisa cha ajabu. Ipo lugha, alisema, yenye maneno 32 tu, wala hapana mtu aisemaye.

Aliyeitunga ni Thomas Ray wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, mtaalamu aliyekuwa akichunguza mimea itambaayo katika misitu ya Costa Rica. Mwaka 1990 alitengeneza ulimwengu mdogo ndani ya kompyuta, akauita Tierra, yaani "ardhi" kwa Kihispania. Maneno yake ni amri: nakili, ruka, omba nafasi, gawanyika. Ray alipanga amri 80 zikawa kiumbe mmoja, kazi yake kujinakili. (Nasema "kiumbe" kwa mfano tu; roho ni amri ya Mola.) Mashine iliwekewa iwe ikikosea mara mojamoja, na waliozeeka huondolewa wengine wapate nafasi.

Hapo nikamkatiza. Mimi niliyekaa miaka na wapiga chapa nayajua makosa ya herufi yanavyoweza kumfedhehesha mtu. Vipi yasiharibu?

"Mjomba, chukua neno paka," akasema. "Badili herufi moja: pika, taka, pata. Yote bado ni maneno."

Kumbe siri ni hiyo! Katika lugha nyingi za kompyuta, herufi ikikosewa kazi husimama. Huku kila neno lina alama tano za sifuri au moja, na mipangilio yake yote ni 32 kamili, basi hapana lisilo na maana. Tena amri haitafuti mahali kwa nambari bali kwa alama, kama mgeni anayeuliza nyumba yenye mlango wa nakshi.

Ray alidhani atahangaika sana. Mara wakatokea viumbe asiowaandika, mmoja wao mwenye amri 45 tu. Huyu hakuwa na sehemu ya kunakili. Alitumia ya jirani. Baadaye baadhi ya majirani nao wakawa hawamshiki tena.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya akaweka kikombe chini. "Na akikosa jirani?"

"Hazai, mzee wangu. Hukaa hapo mpaka zamu yake ya kuondolewa ifike."