Stadi za Utu na Vikundi vya Kufaana

Katika matangazo ya kazi na miongozo ya mafunzo siku hizi hukutwa istilahi "stadi laini". Ni tafsiri ya neno kwa neno, nasi twaona haifai. Istilahi ya asili ilienezwa na jeshi la Marekani, ambalo mwaka 1972 lilifanya mkutano juu ya kufundisha stadi hizo. Ulaini ulimaanisha tu kwamba kazi yenyewe haihusu sana mashine. Katika Kiswahili, kazi laini ni kazi nyepesi, na maneno laini aghalabu yana hila.

Tuchukue mfano wa Mabamba, kata ya Wilaya ya Kibondo inayopakana na Burundi. Mganga aliyehamishiwa huko kutoka pwani hupokea Waha, na pengine Warundi waliovuka mpaka. Kiha na Kirundi zinakaribiana mno. Yeye hajui hata moja. Kusikiliza bila haraka, kuuliza tena bila kukemea, kukubali kusahihishwa na mhudumu wa chini aliye mzaliwa wa hapo: hayo ndiyo yanayoamua kama mgonjwa ataeleza maradhi yake au ataondoka nayo. Nani ataiita kazi hiyo laini? Mwongozo wa TANU wa 1971 ulimkataza kiongozi majivuno na dharau. Dhana basi si ngeni kwetu. Twapendekeza "stadi za utu".

Istilahi ya pili ina matata zaidi. Wafanyakazi wenye hali moja hukutana kazini ili wasaidiane, kama walivyofanya wafanyakazi weusi wa kampuni ya Xerox, Marekani, mwaka 1970. "Kikundi cha rasilimali za wafanyakazi" humfanya msomaji afikirie mfuko wa fedha au ghala. "Baraza la wafanyakazi" ni chombo rasmi ambamo uongozi nao huketi. "Chama cha wafanyakazi" hudai mishahara. Kilicho karibu ni upatu, na vyama vya kufa na kuzikana, ambavyo watumishi huviunda wenyewe bila kuamriwa na mtu. Lakini humo hutolewa fedha. Huku hutolewa uzoefu: mgeni wa Mabamba hufundishwa salamu za Kiha na yule aliyetangulia kuzikosea.

Kwa hiyo "kikundi cha kufaana". Aliyemo aitwe mwenzi, wala si mjumbe, maana hamwakilishi mtu mwingine.