Uzalishaji wa Uduvi wa Maji Baridi katika Matangi ya Nyumbani: Fursa na Tahadhari kwa Makazi ya Dzaleka na Jiji la Lilongwe

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna uduvi wadogo wa maji baridi wanavyozaliana katika tangi la nyumbani, na yanajadili iwapo shughuli hiyo inafaa kupendekezwa kwa kaya za makazi ya wakimbizi ya Dzaleka na za Lilongwe. Hoja kuu ni kwamba ufugaji huu una thamani kubwa katika ufundishaji na thamani ya wastani katika kipato. Hata hivyo, uteuzi wa spishi usipodhibitiwa, hasara kwa Ziwa Malawi itazidi faida yoyote ya kaya.

1.0 Utangulizi

Dzaleka, iliyoko wilaya ya Dowa kati ya kilomita 40 na 50 kutoka Lilongwe, iligeuzwa kutoka gereza kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa kupokea watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao wakitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ni lugha ya mawasiliano ya kila siku kwa sehemu kubwa yao. Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo 1987, lakini iliweka masharti ya kujitenga na vifungu kadhaa, vikiwemo vya ajira na uhuru wa kutembea. Kwa hiyo shughuli yoyote inayoweza kufanyika ndani ya chumba, bila shamba wala safari, huwavutia washauri wa sera. Ufugaji wa uduvi ni mojawapo, na ndiyo maana unahitaji kupimwa kwa makini kabla ya kupendekezwa.

2.0 Istilahi

Mwambao wa Afrika Mashariki, neno uduvi hutaja kamba wadogo sana wa baharini wanaokaushwa na kuliwa. Katika makala haya, uduvi wa maji baridi ni krasteshia wa familia ya Atyidae, wenye urefu wa sentimita 2 hadi 3, ambao hukwangua mwani na utando wa vijidudu juu ya mawe na majani. Ziwa Tanganyika lina spishi zake za pekee za familia hii, na katika Ziwa Victoria yupo Caridina nilotica, aliyeongezeka sana baada ya sangara kuangamiza samaki wadogo waliokuwa wakimla. Jenasi ya Caridina imerekodiwa pia katika Ziwa Malawi. Hivyo mkimbizi aliyetoka Uvira au Rumonge hatambulishwi kiumbe kigeni kabisa.

3.0 Namna uduvi wanavyozaliana

Spishi inayofugwa zaidi duniani kwa mapambo ni Neocaridina davidi, yenye asili ya Asia Mashariki. Jike hupandwa punde baada ya kujivua gamba, kisha hubeba mayai 20 hadi 30 chini ya tumbo kwa wiki tatu hadi nne. Watoto hutoka wakiwa na umbo kamili la wazazi wao na hukomaa ndani ya miezi miwili hadi mitatu. Majike 5 yenye mayai 20 kila moja huweza kutoa watoto 100 kwa mzao mmoja. Hata wakifa nusu, idadi ya awali huongezeka haraka. Si spishi zote zilivyo hivyo. Caridina multidentata, kwa mfano, hutoa viluwiluwi vinavyohitaji maji yenye chumvi, na katika tangi la maji baridi hufa vyote.

Sharti la kwanza ni kulikomaza tangi kabla ya kuweka uduvi. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria huigeuza kuwa nitraiti, kisha nitreti ambayo sumu yake ni ndogo. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kuenea. Anayeweka uduvi siku ya kwanza huwapoteza ndani ya siku chache. Sharti la pili ni kuepuka shaba, iliyomo katika baadhi ya dawa za samaki, kwa kuwa huua krasteshia hata kwa kiasi kidogo. Maji ya bomba yenye klorini huachwa wazi kwa saa 24 kabla ya kutumiwa.

4.0 Hali halisi ya Dzaleka na Lilongwe

Tangi la lita 40 ni ndoo mbili za maji, yaani mgawo wa mtu mmoja wa siku mbili kwa kigezo cha lita 20 kwa siku kinachotumiwa na mashirika ya wakimbizi. Baada ya hapo, kubadilisha asilimia 10 kwa wiki huhitaji lita 4 tu, na maji yanayotolewa hufaa kumwagilia mboga. Umeme usiotegemeka si kikwazo kikubwa: uduvi wachache, mimea mingi ya majini na chakula kidogo huliwezesha tangi kudumu bila pampu. Kikwazo halisi ni baridi. Lilongwe iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka sana. Maji machache hupoa upesi, na uduvi huacha kuzaa. Tangi kubwa zaidi, lililowekwa mbali na ukuta wa nje na kufunikwa usiku, hupunguza tatizo.

Kipato kisitiwe chumvi. Uduvi hawa si chakula. Soko lao ni la wapenda mapambo, nalo ni dogo. Faida iliyo wazi ni darasani, ambako tangi moja huonyesha mzunguko wa naitrojeni, ukuaji na urithi wa rangi.

5.0 Hatari kwa Ziwa Malawi

Mto Lilongwe huungana na Lintipe, nao Bua hutiririka upande wa kaskazini. Yote huishia Ziwa Malawi, lenye mamia ya spishi za samaki zisizopatikana penginepo. Uduvi akitupwa mferejini ana njia ya kufika huko. Neocaridina wameshaota mizizi katika maji ya Ujerumani na Hawaii. Kenya ina somo lake: kamba wa Marekani, Procambarus clarkii, walioletwa Naivasha mwaka 1970 walichangia kuteketeza mimea ya majini ya ziwa hilo. Spishi vamizi ikishaenea, kuiondoa ni karibu muhali.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, miradi ya Dzaleka na Lilongwe itumie uduvi wa asili ya Malawi pekee, kwa kibali cha Idara ya Uvuvi. Pili, Chuo Kikuu cha LUANAR kilichoko Bunda, chenye wataalamu wa ukuzaji viumbe maji, kiombwe kutambua spishi na kutoa mbegu, ili kaya zisichote mitoni. Tatu, mwongozo uandikwe kwa Kichewa na Kiswahili, nao uanze na katazo la kumwaga maji ya tangi mtoni au mferejini. Mkimbizi anayenyimwa shamba na ajira anastahili shughuli yenye tija. Lakini mshauri anayempendekezea tangi la uduvi wa kigeni humtwika lawama ya madhara ambayo yeye mwenyewe hakuyachagua.