Misimu Mitano ya Masika Kabla ya Kustaafu: Nyumba Ikaguliwe Mapema

Na Mwandishi Wetu

Katika mikoa yenye misimu miwili ya mvua, ikiwemo Pwani, Tanga, Kilimanjaro na Kagera, Januari na Februari ni miezi ya matengenezo ya nyumba. Mvua za vuli zimekwisha, na masika ya Machi hadi Mei hayajaanza. Ndicho kipindi ambacho fundi hupanda juu ya paa kugongomea misumari iliyolegea, gata husafishwa, mitaro huzibuliwa na matawi yaliyoinamia nyumba hukatwa.

Kwa mtumishi wa umma anayekaribia kustaafu, kazi hizi ndogo zina uzito wa pekee. Nyumba anayoishi leo katika kituo chake cha kazi, ikiwa ni ya kupanga au ya Serikali, ataiacha. Nyumba atakayoishi uzeeni mara nyingi ipo mbali, imefungwa, naye huifikia mara moja kwa mwaka. Hiyo ndiyo inayohitaji kukaguliwa zaidi.

Kwa mujibu wa taratibu za utumishi wa umma, mtumishi anaweza kustaafu kwa hiari anapofikisha umri wa miaka 55, na hulazimika kustaafu anapofikisha miaka 60, isipokuwa kada chache zenye utaratibu tofauti. Hivyo basi, aliyetimiza miaka 55 na kuamua kuendelea hadi mwisho amebakiwa na misimu mitano tu ya masika.

Nyumba ipimwe wakati wa mvua

Watumishi wengi hurejea nyumbani mwezi Desemba. Wakati huo ndugu wamekusanyika, chakula ni kingi na barabara ya kijijini kwa kawaida hupitika. Mgeni wa wiki mbili haoni kasoro anazokutana nazo mkazi wa kudumu.

Ni vyema walau mara moja likizo ya mwaka ichukuliwe mwezi Aprili. Katika mwezi huo nyumba hujieleza yenyewe: maji yanapenya wapi, ukuta upi unafyonza unyevunyevu, shimo la choo linajaa kiasi gani, na mchwa wamefika wapi kwenye mbao za dari. Aidha, ndipo mtumishi anapojua iwapo gari linaweza kufika mlangoni usiku endapo kuna mgonjwa, na kituo cha afya kinachotoa huduma za shinikizo la damu na kisukari kipo umbali gani.

Yanayoonekana Aprili yaandikwe, yakadiriwe gharama, kisha yatengenezwe moja baada ya jingine kila Januari na Februari zinazofuata. Mwaka mmoja paa, mwaka mwingine choo na tenki la maji ya mvua, mwaka mwingine dari. Utaratibu huu una faida moja kubwa: matengenezo hulipiwa kwa mshahara, si kwa mafao.

Mafao yasiishie kwenye mabati

Katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018, mchango wa kila mwezi ni asilimia 20 ya mshahara. Mtumishi huchangia asilimia 5 na mwajiri asilimia 15. Mwanachama aliyechangia kwa muda usiopungua miezi 180 hustahili pensheni, ambayo hulipwa katika sehemu mbili: mkupuo, unaotolewa mara moja, na pensheni ya kila mwezi.

Mkupuo hauji mara ya pili. Ukitumika kuezeka upya nyumba iliyovuja kwa miaka kumi, hautapatikana tena kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, duka au kisima.

Ardhi na nyaraka

Ukaguzi usiishie kwenye kuta. Katika maeneo mengi mipaka ya ardhi ya familia inafahamika kwa kauli za wazee tu. Mkoani Kilimanjaro, kwa mfano, vihamba vingi hutenganishwa kwa mimea ya masale. Wazee hao wanapofariki dunia, mipaka huanza kubishaniwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji fursa ya kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kupitia Halmashauri ya Kijiji. Ni busara suala hilo likamilishwe wakati wazee na majirani wanaoijua mipaka wangali hai.

Vilevile, usafi wa kabla ya masika ni fursa ya kufungua kabati la nyaraka. Barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na za kupandishwa vyeo ziwekwe katika jalada moja, mahali pasipofikiwa na maji. Majina na tarehe ya kuzaliwa vilinganishwe na vilivyomo kwenye Kitambulisho cha Taifa na kumbukumbu za Mfuko. Tofauti ya herufi moja hurekebishika kwa urahisi zaidi mtumishi akiwa bado kazini.

Mizigo na familia

Mtumishi anayestaafu hugharamiwa na mwajiri usafiri wake, familia na mizigo kwa mujibu wa taratibu. Hata hivyo, si kila kitu kinastahili safari hiyo. Kila mwaka vipunguzwe vitu visivyotumika, vingine wapewe wenye uhitaji.

Juu ya yote, uamuzi wa kuhama si wa mtu mmoja. Mwenza aliyezoea maisha ya mjini, mwenye biashara yake na wajukuu wa karibu, ashirikishwe tangu mwanzo, naye ailale nyumba hiyo katika usiku wa mvua kabla ya kukubali.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mstaafu, ukuta huo hujengwa kwa fedha zisizorudi tena. Ufa uzibwe Februari hii.