Jangwani Kumejaa

Mvua ikinyesha usiku kucha Dar es Salaam, hakuna anayehitaji kuuliza ni barabara ipi haipitiki. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi ujumbe umeshaingia kwenye simu: Jangwani kumejaa. Maneno mawili tu. Wa Kimara na Ubungo wanaanza kupiga hesabu ya kuzunguka kwa Kigogo, abiria wa mabasi ya mwendokasi wanajua leo hawafiki Kivukoni, na vijana wa mikokoteni wanashuka Magomeni kuvusha watu ng'ambo kwa nauli wanayoipanga wenyewe, ikipanda kadiri maji yanavyopanda.

Jina lenyewe ni mzaha. Jangwani ndiko mahali penye maji kuliko pote mjini. Klabu mbili kubwa za mpira nchini zimebeba majina ya bonde hili la mto Msimbazi: Simba ni Wekundu wa Msimbazi, Yanga ni Watoto wa Jangwani. Uwanja wa Kaunda, ulio kwenye makao makuu ya Yanga, umewahi kugeuka bwawa, nao mashabiki wa Simba wakacheka mpaka mbavu zikauma, wakisahau kwamba mto wenyewe una jina la kwao.

Mto huo, Msimbazi, hauna ukubwa wa kutisha. Unaanzia vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unapokea maji ya Sinza na Ubungo njiani, na baada ya kilomita kama 35 unaingia baharini kwenye mikoko ya Daraja la Salenda. Kiangazi mtoto anauvuka bila kulowa magoti. Ndiyo maana mgeni akioneshwa nyumba ya bei nafuu mwezi wa nane, anaona amepata bahati.

Desemba 2011 bahati hiyo iliisha. Siku chache baada ya taifa kusherehekea miaka 50 ya uhuru ilinyesha mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haikuwa imeonekana kwa miaka 57. Watu wapatao 40 walikufa. Waliookolewa juu ya mapaa walipewa viwanja Mabwepande, kilomita kama 30 kutoka katikati ya mji, wakaanza maisha kwenye mahema. Haikuchukua muda, baadhi yao wakawa wamerudi bondeni. Gazetini na redioni wakaitwa wakaidi, wapenda mafuriko, watu wasiojali roho zao.

Mimi neno hilo la ukaidi sikulikubali wakati ule, na leo silikubali. Kuli wa Kariakoo anayeanza kushusha magunia saa tisa usiku hutembea kwa miguu kutoka Jangwani. Kutoka Mabwepande atapanda gari gani saa nane? Mama anayenunua samaki soko la Feri alfajiri awakaange jioni, naye vilevile. Mafuriko huja mara moja au mbili kwa mwaka, pengine yasije kabisa. Njaa haina masika wala vuli. Ukiziweka hatari hizo mbili mezani mbele ya mtu mwenye akili timamu, atachagua ileile waliyoichagua wao.

Serikali ilijaribu njia ya ukali. Mwishoni mwa 2015 alama nyekundu za X zilichorwa kwenye kuta, mitambo ikaingia, bomoabomoa ikavuma mpaka shauri lilipopelekwa mahakamani. Ukisoma ramani za mipango miji utaambiwa bonde halikuruhusiwa makazi tangu zamani, na ni kweli. Lakini mji uliokuwa na watu milioni 2.5 mwaka 2002 ulihesabiwa kuwa na zaidi ya milioni 5.3 mwaka 2022. Hao walioongezeka walilala wapi wakati ramani inasubiri kutekelezwa?

Tabianchi nayo imo. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja hubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia saba, na mvuke huo ukishuka, hushuka kwa kishindo. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023 ziliendelea kuumiza hadi masika; Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekwishapoteza maisha nchini. Hata hivyo nina wasiwasi na jinsi neno hili linavyotumika majukwaani. Zamani mafuriko yalikuwa kazi ya Mungu. Sasa ni kazi ya tabianchi. Wote wawili hawawezi kuitwa kwenye kikao waeleze kwa nini mtaro haukuzibuliwa.

Kwa sababu tatizo la Msimbazi ni udongo kama lilivyo maji. Vilima vya juu vimekatwa miti na kujengwa, kingo zimechimbwa mchanga, na kila mvua hushusha tope na takataka mpaka kitako cha mto kinainuka. Mtaa wa Suna, Magomeni, nimeona nyumba ambazo madirisha yake yamefika usawa wa kifundo cha mguu. Nyumba hazikuzama; ardhi ndiyo iliyopanda. Wenyewe wamejibu kwa maarifa yao: kizuizi cha tofali mlangoni, viroba vya mchanga, matairi chakavu yaliyopangwa ukingoni, kitanda juu ya matofali manne, vyeti vya watoto kwenye mfuko wa plastiki uliotundikwa darini. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwapeleka mitaani wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, wakachora na wakazi kila mfereji na kila nyumba. Kazi ya namna hiyo huonesha pia mifereji isiyokwenda popote.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani, tahadhari ilitolewa mapema na boti za Zanzibar zikasimamishwa. Kimbunga kikapungua nguvu kilipofika Mafia. Boti ilitii kwa sababu ina gati la kufungwa. Bondeni tahadhari ileile ilisema hameni. Wapi, haikusema.

Sasa kuna mradi mkubwa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi: kuchimba tope, kuinua Barabara ya Morogoro kwa daraja jipya la mita 390, kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji. Wenye nyumba walithaminiwa, fidia zikalipwa, nyumba zikavunjwa kwa mikono ya wenyewe kabla tingatinga halijafika, maana mlango, bati na nondo ni mali. Manung'uniko yalikuwepo, hasa juu ya thamani ya ardhi. Kwa maoni yangu huu ndio mpango wenye akili kuliko yote niliyoiona pale, kwani umekiri kwamba mto unahitaji nafasi na mtu anahitaji fedha mkononi.

Ila mthamini hupima kuta. Hapimi dakika ishirini za kutembea mpaka Kariakoo, na hizo ndizo alizokuwa akilipia mpangaji.

Mama mmoja aliyekuwa akipanga chumba huko bondeni aliniambia amehamia Kigogo, upande wa pili wa mto uleule. Alipooneshwa chumba hakuuliza umeme wala choo. Alitazama ukuta kwanza, akautafuta mstari wa tope. Aliukuta usawa wa kiuno. Kodi ilikuwa nafuu, akalipa ya miezi mitatu, kisha akamtuma mwanawe akatafute matofali manne.