Mbwa Anapozaa Nyumbani: Kipimajoto, Saa na Mikono Iliyotulia

Muulize mfugaji yeyote mimba ya mbwa huchukua muda gani, naye atakujibu: miezi miwili na siku chache. Jibu hilo ni la kweli, ila halimtoshi mtu anayetaka kujua kama usiku wa leo alale au akeshe. Ukihesabu tangu siku mbwa alipopandwa, watoto wanaweza kuzaliwa siku ya 57 au wakangoja hadi siku ya 72, na mimba zote mbili zikawa salama. Kwa mnyama anayebeba mimba wiki tisa, hiyo ni tofauti kubwa mno.

Chanzo chake ni mayai na mbegu. Jike anapoachia mayai, mayai hayo bado ni machanga na huhitaji siku mbili au tatu zaidi ili yapevuke. Mbegu za dume nazo ni vumilivu: huweza kuishi ndani ya njia ya uzazi siku tano hadi saba zikiyasubiri. Kwa hiyo siku ya kupandwa na siku ya kutunga mimba huenda zikapishana sana. Ukihesabu tangu mayai yalipoachiwa, utata wote unaondoka: mimba ni siku 63, ikizidi au kupungua moja au mbili.

Wafugaji wengi hawana njia ya kuijua siku hiyo. Hata hivyo mwili wa mama hutoa taarifa yake mwenyewe, na chombo cha kuisoma kinapatikana katika duka lolote la dawa kwa bei ndogo.

Joto linaposhuka

Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 za Selsiasi. Wakati wa mimba, homoni ya projesteroni huutuliza mfuko wa uzazi usijikaze kabla ya wakati, na pia huchangia kulipandisha joto la mwili. Kwa binadamu, kondo la nyuma hushika kazi ya kutengeneza homoni hiyo mimba ikishakua. Kwa mbwa, tangu mwanzo hadi mwisho, projesteroni yote hutoka kwenye ovari, katika vivimbe vidogo vinavyobaki mahali mayai yalipotokea.

Watoto wakishakomaa tumboni, tezi zao wenyewe huanza kumwaga kotisoli. Kotisoli huamsha kemikali ziitwazo prostaglandini, nazo huviua vile vivimbe vya ovari. Projesteroni huporomoka, na joto la mama hushuka pamoja nayo kwa takriban nyuzi moja, mara nyingi hadi chini ya 37.2. Uchungu kwa kawaida huanza ndani ya saa 24. Wanaoamua siku ya kuzaliwa, basi, ni watoto wenyewe: wakiwa tayari, miili yao humpa mama amri.

Kuanzia siku ya 55 hivi, pima joto la mbwa wako asubuhi na jioni. Paka ncha ya kipimajoto mafuta ya mgando, kiingize taratibu kwenye njia ya haja kubwa, na uandike kila kipimo daftarini. Kushuka huko hudumu saa chache tu, kwa hiyo anayepima mara moja kwa siku anaweza kukukosa kabisa. Joto likishashuka na siku nzima ikapita bila dalili yoyote ya uchungu, mpigie daktari wa mifugo.

Maandalizi ya mapema

Daktari huyo asiwe mtu unayemtafuta usiku wa manane kwa mara ya kwanza. Mpeleke mbwa kwake mimba ikiwa changa. Ultrasaundi huweza kuonyesha mapigo ya moyo ya watoto kuanzia wiki ya nne. Katika wiki ya mwisho, mifupa ikiwa imeshakomaa, picha ya eksirei humwezesha daktari kuwahesabu. Idadi hiyo ina thamani kubwa: ukijua kwamba wapo saba, hutalala baada ya kuona sita.

Muulize pia kuhusu umbile la mbwa wako. Mbwa wa kienyeji na wengi wa aina ya German Shepherd wanaolinda nyumba zetu huzaa bila upasuaji. Mbwa wenye vichwa vikubwa na nyonga nyembamba ni habari nyingine. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2010 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzazi wa Bulldog, French Bulldog na Boston Terrier ulifanyika kwa upasuaji. Mwenye mbwa wa aina hizo apange hospitali, asipange kuzalisha nyumbani.

Chakula kiongezwe polepole katika wiki tatu au nne za mwisho, maana ndipo watoto wanapokua kwa kasi. Mpe kidogo kidogo mara nyingi, kwa kuwa tumbo lililojaa watoto halina nafasi ya mlo mkubwa. Usimpe vidonge vya kalsiamu kwa kumhurumia. Kalsiamu ya ziada wakati wa mimba huizoesha kulala ile mifumo ya mwili inayotoa madini hayo mifupani, nayo hukosa nguvu wakati wa kunyonyesha, mahitaji yanapopanda ghafla.

Sehemu ya kuzalia iandaliwe siku kumi hivi kabla, ili mama aizoee. Kinachotakiwa ni boksi pana la mbao au kona iliyozingirwa, yenye ukuta ambao mama anaweza kuuruka na watoto hawawezi. Funga upau ndani kuuzunguka, kimo cha kiganja kutoka sakafuni na kwa umbali huohuo kutoka ukutani, ili mtoto aliyebanwa nyuma ya mama apate mahali pa kupenyea. Tandika magazeti na juu yake mashuka makuukuu yaliyofuliwa. Weka karibu taulo safi kavu, glavu, uzi imara, mkasi uliochemshwa, dawa ya iodini, mizani ya jikoni, saa na daftari.

Joto la mahali nalo lipangwe. Usiku wa Julai kule Limuru, Lushoto au Njombe unaweza kumwua mtoto mchanga wa mbwa. Tumia chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa, au taa iliyoning'inizwa juu upande mmoja wa boksi, ili anayeona joto limezidi ajiburute upande wa pili. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Kaboni monoksaidi inayotoka kwenye makaa haina rangi wala harufu, nayo itakuua wewe pamoja na hao unaotaka kuwaokoa. Pwani tatizo hugeuka: mama anayehema kwenye chumba kisicho na hewa huchoka mapema, kwa hiyo apate upepo na maji ya kunywa, mradi upepo usiwapige watoto moja kwa moja.

Usiku wenyewe

Hatua ya kwanza ya uchungu huonekana kama wasiwasi mtupu. Mbwa hukataa chakula, huhema, hutetemeka, huparua matandiko, hulala na kuinuka. Ndani, mfuko wa uzazi umeanza kujikaza na mlango wa kizazi unafunguka. Kwa kawaida hali hiyo huchukua saa 6 hadi 12, na kwa anayezaa mara ya kwanza huweza kufika 24. Kazi yako hapa ni kukaa naye, mtu mmoja anayemzoea, bila umati wa watoto na majirani. Hofu humwaga adrenalini, na adrenalini huuzuia mfuko wa uzazi kujikaza. Utulivu wa chumba ni sehemu ya tiba.

Hatua ya pili huanza mama anapokaza tumbo na kusukuma. Mtoto anapoingia njiani, msukumo wake huamsha neva zinazoupa ubongo taarifa, nao huachia oksitosini inayozidisha nguvu ya uchungu. Mfuko wa uzazi wa mbwa una pembe mbili ndefu, na watoto hutokea pengine huku, pengine kule. Takriban wanne kati ya kumi hutanguliza miguu ya nyuma. Hilo ni la kawaida, lisikushtue. Baina ya mtoto na mtoto hupita nusu saa au saa moja, na mara nyingine mama hupumzika zaidi, akiwa ametulia na kuwanyonyesha waliokwisha kufika.

Mara nyingi mama hufanya kila kitu mwenyewe: huirarua chupa ya uzazi, hukata kitovu kwa meno, na humlamba mtoto mpaka alie. Muda unaompa ni dakika moja tu. Ikipita na mtoto bado amefunikwa, chana utando huo kuanzia mdomoni. Kondo likishabanduka mtoto hapati tena hewa ya mama, na ndani ya utando hawezi kuvuta ya kwake. Mwinamishe kichwa kidogo, mfute mdomo na pua, kisha msugue mgongo na mbavu kwa taulo kavu, kwa nguvu ya wastani. Endelea hata robo saa. Wengi huzinduka wakati mtu ameshakata tamaa. Ile desturi ya kumpeperusha mtoto hewani ili maji yamtoke mapafuni iachwe, kwa sababu huweza kupasua mishipa ya damu ya ubongo.

Kitovu kikihitaji kukatwa, kifunge uzi sentimita mbili au tatu kutoka tumboni, kata upande wa nje wa fundo, na upake iodini. Hesabu makondo pia. Kila mtoto ana lake, na linalobaki ndani huweza kuleta maambukizi. Mama akila moja au mawili hakuna ubaya. Akila yote huenda akaharisha.

Mtoto akionekana nusu na akakwama, mshike mwili kwa kitambaa safi na uvute polepole kuelekea chini, upande wa miguu ya mama, pale tu mama anaposukuma. Usivute mguu mmoja wala kichwa peke yake. Na usimdunge mama oksitosini uliyouziwa dukani. Mtoto akiwa amekaa vibaya njiani, dawa hiyo inaweza kuupasua mfuko wa uzazi au kuyabandua makondo ya waliobaki ndani.

Wakati wa kumkimbilia daktari

Saa yako ina kazi moja: kukutoa nyumbani kwa wakati. Ondoka ikiwa:

– mama amesukuma kwa nguvu dakika 20 hadi 30 na hakuna mtoto aliyetoka;
– saa mbili zimepita tangu mtoto wa mwisho, na unajua wapo wengine ndani;
– ute wa kijani umetoka kabla ya mtoto wa kwanza, na hakuna anayefuata;
– damu nyekundu inatiririka, au mama amelegea, anatapika mfululizo au anazimia.

Rangi ya kijani ina maelezo yake. Pembezoni mwa kondo la mbwa kuna damu inayovunjwavunjwa na kuacha rangi hiyo. Ikionekana baada ya mtoto wa kwanza, ni ya kawaida. Ikionekana kabla, maana yake kondo moja limeshabanduka na kuna mtoto ndani anayekosa oksijeni.

Saa za kwanza za watoto

Mtoto wa mbwa huzaliwa kipofu na kiziwi, na upungufu ulio hatari zaidi hauonekani: hawezi kujitengenezea joto la kutosha. Katika wiki ya kwanza hata kutetemeka kwa baridi hajui. Mwili wake huwa na nyuzi 35 hadi 37, na kiota chake kinahitaji 29 hadi 32. Watoto wakirundikana na kulia, wana baridi. Wakitawanyika huku wakihema na kulia, wamezidiwa na joto.

Ukimwokota mtoto aliyepoa, usimpe maziwa kwanza. Utumbo uliopoa husimama kazi, na maziwa hubaki humo yakioza au humpalia mapafuni. Mpashe joto taratibu kifuani pako, akichangamka umweke kwenye chuchu. Baridi humdhuru kwa njia nyingine pia: virusi vya herpesi vya mbwa, vinavyoua watoto wa chini ya wiki tatu, huzaliana vizuri zaidi mwili unapokuwa chini ya nyuzi 37.

Kila mtoto apate dang'a mapema. Kondo la mbwa hupitisha sehemu ndogo tu ya kingamwili, kiasi cha asilimia 5 hadi 10, na zilizobaki zote ziko katika maziwa hayo ya kwanza. Utumbo huzipokea vizuri zaidi katika saa nane za mwanzo, na baada ya saa 24 hivi mlango huo hufungwa. Mama akikosa maziwa, ya ng'ombe peke yake hayafai, kwa kuwa ya mbwa yana mafuta na protini zaidi ya mara mbili. Tafuta maziwa maalumu ya watoto wa mbwa. Wapime uzito kila siku. Asiyeongezeka anaumwa hata kama halii.

Wiki zinazofuata

Mama naye aangaliwe, hasa akiwa mdogo wa umbo na mwenye watoto wengi. Katika mwezi wa kwanza kalsiamu ya damu yake inaweza kushuka ghafla. Akianza kuhema, kutetemeka na kukakamaa miguu, watenge watoto na umwahishe kwa daktari saa ileile. Sindano ya kalsiamu huokoa, kuchelewa huua.

Watoto wapewe dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili, kwani minyoo ya toksokara huwaingia wakiwa bado tumboni, na baadaye huweza kuwapata watoto wetu wanaocheza kwenye udongo huohuo. Wakikaribia wiki ya nane waanzishiwe chanjo ya parvo. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa wakifika miezi mitatu, lakini kampeni ya chanjo ikipita mtaani mwako wakiwa wadogo zaidi, wapeleke. Shirika la Afya Duniani linashauri hata watoto wachanga wasiachwe nyuma, maana karibu visa vyote vya ugonjwa huo kwa binadamu hutokana na mbwa.

Na kabla ya kumrudisha jike kwa dume, fikiria watoto hawa wanakwenda wapi. Mbwa wengi wanaozurura bila chanjo mitaani walizaliwa kwenye nyumba ya mtu ambaye hakujiuliza swali hilo. Ukikosa jibu la uhakika, muulize daktari kuhusu kumfunga kizazi. Huko nako ni kumtunza mbwa wako, na ni kuwalinda majirani.