Waliozungumza na Kifusi

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, mlio mdogo ulisikika nje ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Wafanyakazi wa maofisi ya jirani wakakimbilia madirishani kuchungulia. Punde bomu lenyewe likalipuka, na vioo vikawapasukia usoni. Watu 213 walifariki, maelfu wakajeruhiwa, wengi wao machoni.

Chini ya kifusi cha Ufundi House ikasikika sauti ya mwanamke. Waokoaji wakawa wanazungumza naye, wanampa moyo huku wakichimba. Alikata roho kabla hawajamfikia. Kwa hesabu za hospitali, hao waliozungumza naye hawakuwa majeruhi.

Sayansi imechelewa kuwahesabu watu kama hao. Mwaka 1995 mwanasaikolojia Charles Figley aliandika juu ya uchovu wa huruma: muuguzi au mshauri nasaha anayesikiliza visa vya manusura kutwa kucha huanza kuota ndoto zisizo zake, kushtuka mlango ukibamizwa, au kufa ganzi hata mwanawe akilia. Ni mwaka 2013 tu ndipo DSM-5, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, ulipotamka wazi kwamba anayekutana tena na tena kazini na undani wa maafa ya wenzake anaweza naye kupata kiwewe.

Lakini jina hilo, “uchovu wa huruma”, lina kasoro. Mtafiti Tania Singer na wenzake waliwafundisha watu kuyabeba maumivu ya mwingine kana kwamba ni yao. Insula ya mbele, sehemu ya ubongo inayochangamka hata mtu anapoumia mwenyewe, ikachangamka zaidi, na moyo ukawa mzito. Walipowafundisha kumtakia mema yule mteswa, yakaamka maeneo mengine, na hisia njema zikarejea. Basi kinachochosha si huruma. Ni kuumia pamoja na mteswa. Anayesema “pole” kwa dhati si lazima avue ngozi yake.

Na tiba? Kwa miaka mingi wahudumu walikusanywa mara baada ya tukio, kila mmoja asimulie alichoona. Majaribio yakaonyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii kiwewe, na baadhi ya watu kiliwazidishia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unashauri mambo ya kawaida mno, ambayo hata bajeti huyasahau: zamu yenye mwisho, chakula, usingizi, na mwenzako wa kazi akuulize hali, kisha angoje jibu.